Livingstone ni nani, na Livingston ni wapi? Mwongozo kamili wa kufuatilia jina la Kiskoti

Ukipanda boti Matema kwenda Lupingu, kushoto kwako unakwenda na ukuta wa milima unaotumbukia moja kwa moja ndani ya Ziwa Nyasa. Ramani zinaiita Milima ya Livingstone. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, kuna Livingstonia na kuna Blantyre. Zambia kuna mji wa Livingstone. Kenya na Uganda utakutana na wazee waliobatizwa Livingstone ambao hawajawahi kuiona Uskoti hata kwa picha.

Jina hilo lilikuwa la nani kabla halijawa la mlima? Kila mwanafunzi atajibu: la Daktari David Livingstone. Sawa, lakini hilo ni jibu la nusu. Nyuma ya jina la daktari kuna mji. Nyuma ya mji kuna mtu mwingine, aliyeishi karne ya 12. Na ukifika hapo ukadhani umemaliza, unagundua kwamba huyo mtu na daktari hawaonekani kuwa na udugu wowote.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufuatilia jina la ukoo la Kiskoti na mahali lilipotoka: kwenye maandishi, kwenye ramani, na kwa miguu yako mwenyewe. Nimelichukua Livingstone kama mfano kwa sababu linatuhusu. Hatua zenyewe zinafaa kwa jina lolote la huko: Mackinnon, Grant, Thomson, au lile lililoandikwa kwenye cheti cha babu yako.

Hatua ya 1: Usiiamini tahajia

Kabla ya yote, chukua daftari na uandike kila namna ambayo jina lako linaweza kuwa limeandikwa. Uskoti ya zamani haikuwa na tahajia moja. Karani aliandika alichosikia, na mara nyingi aliyekuwa akitamka alizungumza Kigaeli, lugha ya kale ya visiwa na nyanda za juu, ilhali karani anaandika Kiingereza. Mtu yeyote aliyewahi kuona jina lake kwenye rejesta ya mkoloni anajua mambo hayo.

Kwa mfano wetu andika: Livingston, Livingstone, Levingston, Levinston, Livingstoune. Herufi *e* ya mwisho ndiyo inayowapoteza wengi. Watu hudhani herufi hiyo ndiyo inayotenganisha koo mbili, na haiko hivyo. Daktari mwenyewe, katika barua zake za ujanani, alitia saini bila *e*. Herufi hiyo ilirudi katika miaka ya 1850, tayari akiwa Afrika. Ukimtafuta kwa *e* tu, nusu ya maisha yake inakuponyoka.

Kwenye injini za kutafutia za nyaraka, tumia kinyota mahali pa herufi usiyo na uhakika nayo: L*v*ngst*n*. Kinyota kimoja kinakuokolea siku nzima.

Hatua ya 2: Tambua jina lako ni la aina gani

Majina ya ukoo ya Kiskoti yana asili nne kubwa, na usipojua lako liko wapi utatafuta mji ambao haukuwahi kuwepo.

La kwanza ni jina la mzazi. *Mac* kwa Kigaeli ni sawa na "bin" kwetu. Kwa binti huwa *Nic*. Thomson pia ni "mwana wa Thom" tu. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883 na ambaye Nyahururu iliwahi kuitwa kwa jina lake, ametuachia swala tomi mbugani. Lakini jina Thomson halikupeleki kwenye kijiji chochote, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na Thom wake.

La pili ni sifa au kasoro ya mwili. Cameron ni "pua iliyopinda", Campbell ni "mdomo uliopinda", Grant ni "mkubwa". Wa swala granti ndiye huyo: James Augustus Grant wa Nairn, mwenzake Speke. Mababu wa Kiskoti hawakuwa na haya kuitana kwa kilema, na wajukuu zao leo wanabandika majina hayo kwenye malango ya majumba.

La tatu ni kazi, kama Smith, mhunzi. La nne ni mahali: Gordon, Murray, Sutherland, na Livingston.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopotea mwenyewe nilipoanza. Jina moja linaweza kuwa la aina mbili. Livingston ya nyanda za chini ni jina la mahali. Livingstone ya visiwa vya magharibi ni tafsiri, au niseme ni koti la Kiingereza lililovishwa jina la Kigaeli: *Mac an Lèigh*, "mwana wa tabibu", linaloandikwa pia MacLeay au MacLea. Wengine wanalitoa kwenye *Mac Dhùnshléibhe*. Vyovyote iwavyo, watu hao walikuwa na jina lao, na Livingstone lilikuja juu yake baadaye. Mimi nilikaa wiki kadhaa nikimtafuta daktari miongoni mwa mabwana wa Falkirk, huko nyanda za chini, wakati wazee wake walikuwa kisiwani wakilima viazi.

(Na ndiyo, mjukuu wa "wana wa tabibu" alipata leseni ya utabibu Glasgow mwaka 1840. Sijengi hoja juu ya hilo. Nimelifurahia tu.)

Hatua ya 3: Livunje jina la mahali vipande vipande

Ikiwa jina lako ni la mahali, lifungue kama unavyofungua Tandale kwa Mtogole au Mtoni kwa Aziz Ali. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua: kuna eneo, kuna mtu, na mtu akishakufa eneo linabaki na jina lake.

Livingston ni hivyo hivyo. Katika karne ya 12, enzi za Mfalme David wa Kwanza, mtu aliyeitwa Leving alipata ardhi kando ya mto Almond, magharibi mwa Edinburgh. Jina lake ni la Kiingereza cha kale, kutoka neno lenye maana ya "mpendwa". Hati za Kilatini za wakati huo zinapaita mahali pale *Villa Leving*, na mwanawe Turstan anatajwa humo kuhusiana na kanisa la hapo na abasia ya Holyrood. *Tun* ilikuwa shamba lenye uzio na nyumba zake. Leo imebaki *-ton*. Kwa hiyo Livingston ni "kwa Leving". Vizazi vilivyofuata vya wamiliki vikajiita kwa jina la shamba. Mtu alikuwa mahali, mahali pakawa ukoo.

Vipande vingine utakavyokutana navyo sana: *baile* (Bal-) ni kijiji, *cill* (Kil-) ni kanisa la kale au makaburi yake, *inbhir* (Inver-) na *aber* yote ni mlango wa mto, la kwanza Kigaeli, la pili la lugha iliyokuwepo kabla yake, *dùn* ni ngome, *ceann* (Kin-) ni kichwa au ncha. Kwenye visiwa utakuta pia mabaki ya Waviking: *-ay* au *-a* mwishoni ni kisiwa, na *-aig* mara nyingi ni *vík*, yaani ghuba. Ulva, kisiwa cha babu zake daktari, ni "kisiwa cha mbwamwitu" au cha mtu aliyeitwa Mbwamwitu. Ndani yake kuna Ormaig na Cragaig, ghuba mbili, na Cille Mhic Eoghainn, makaburi. Jina la Waviking na jina la Kigaeli katika mwendo wa saa moja: tayari unajua nani alikuja na nani alibaki.

Tahadhari moja. Usikisie maana kwa kutazama tahajia ya leo. Livingston haihusiani na "jiwe linaloishi", ingawa hata watu wa zamani walilichezea jina hivyo. Tafuta tahajia ya kale kuliko zote, ndipo utafsiri.

Hatua ya 4: Ingia kwenye rejesta

Hapa kazi inahitaji uvumilivu na kadi ya benki. Tovuti rasmi ya serikali ya Uskoti inaitwa ScotlandsPeople. Ukijisajili, kutafuta kwenye faharasa ni bure. Kufungua picha ya ukurasa wenyewe unalipia kwa krediti. Picha uliyolipia inabaki kwenye akaunti yako, kwa hiyo usiinunue mara mbili.

Anza na ya karibu, rudi nyuma. Usianze na mtu mashuhuri ukashuka ukitafuta uzao wake. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujipa babu asiye wako.

Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855. Mwaka huo wa kwanza ni dhahabu: waliotunga fomu walikuwa na tamaa, wakauliza mpaka umri wa wazazi, mahali walipozaliwa na idadi ya watoto waliotangulia. Makarani walichoka, na mwaka 1856 mengi yakaondolewa. Ukipata ndugu yeyote aliyezaliwa 1855, hata binamu, nunua cheti chake kabla ya vingine. Vyeti vya vifo vya Uskoti navyo vina faida ambayo vya Uingereza havina: vinataja baba na mama wa marehemu, na mama kwa jina lake la kwao.

Hilo la mwanamke lizingatie. Uskoti, mwanamke aliyeolewa aliendelea kuandikwa kwa jina la baba yake, kwenye nyaraka na hata kwenye jiwe la kaburi, kama mwanamke wa Kiislamu wa Zanzibar au Mombasa asivyoacha jina la babake kwa sababu ya ndoa. Mama yake daktari ni Agnes Hunter. Ukimtafuta kama Agnes Livingstone peke yake, umejifungia mlango.

Kabla ya 1855 unategemea rejesta za parokia. Ya kale kuliko zote ni ya 1553, lakini usijipe moyo sana: kwenye visiwa vya magharibi nyingi zinaanza mwishoni mwa karne ya 18, zina mapengo, na wasio wa kanisa rasmi hawamo. Tafuta kwa jina la parokia, siyo la kisiwa. Ulva ilikuwa ndani ya parokia ya Kilninian na Kilmore, kisiwani Mull.

Sensa zinapatikana kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Ya 1841 ina mtego: umri wa watu wazima uliteremshwa hadi tano ya karibu, hivyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35, na kuhusu alikozaliwa utapata tu kama ni ndani ya kaunti hiyo au la. Ya 1851 inataja parokia aliyozaliwa. Na tangu 1881 waliulizwa kama wanazungumza Kigaeli. Jibu hilo mara nyingi ndilo litakalokuambia Livingstone uliyemshika ni wa nyanda za chini au wa visiwani.

Kuna kidokezo kingine ambacho Mkikuyu atakitambua mara moja. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Daktari alikuwa mtoto wa pili wa kiume, na babu yake mzaa mama, fundi cherehani wa Blantyre ya Uskoti, aliitwa David Hunter. Ukiwa na orodha ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kubashiri majina ya mababu kabla hujayaona. Bashiri tu, kisha tafuta karatasi, kwa maana si kila familia iliishika desturi.

Hatua ya 5: Iweke familia kwenye ramani

Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka ramani zake za kale mtandaoni bure, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Unaweza kuweka ramani ya zamani upande mmoja na picha ya setilaiti upande wa pili, ukasogeza zote pamoja.

Kwa bara, anza na ramani za kijeshi za William Roy, zilizochorwa kati ya 1747 na 1755, baada ya vita vya Culloden. Livingston utaiona humo. Usiitafute Ulva: Roy hakuchora visiwa, na watu wengi hupoteza jioni nzima bila kulijua hilo. Kwa visiwa, rudi kwenye atlasi ya Blaeu ya 1654, kisha ruka hadi toleo la kwanza la Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji wa ramani, la inchi sita kwa maili, lililopimwa kati ya 1843 na 1882.

Kwenye ramani hizo za inchi sita jifunze kusoma nyumba. Jengo lenye paa limejazwa wino. Lisilo na paa ni mstari wa nje tu, mtupu. Kijiji chenye vijisanduku vitupu kumi na viwili ni kijiji kilichokwisha kuhamwa mpimaji alipofika.

Pamoja na ramani, wapimaji waliacha vitabu vya majina. Kwa kila jina waliandika tahajia mbalimbali, maelezo mafupi, na nani aliyethibitisha: mwenye shamba, mchungaji, mwalimu. Angalia aliyethibitisha ni nani. Wakulima wenyewe hawakuulizwa mara nyingi.

Hatua ya 6: Uliza kwa nini waliondoka

Jina halihami peke yake. Msomaji mzuri wa nyaraka hawezi kuishia kwenye "alizaliwa Ulva 1788, mwaka 1792 wakahamia Blantyre", kama ilivyokuwa kwa Neil, baba yake daktari.

Chombo bora hapa ni zile Taarifa za Takwimu za Uskoti, zilizoasisiwa na Sir John Sinclair. Kila mchungaji wa parokia aliombwa aeleze eneo lake: udongo, mishahara, bei ya oti, tabia za watu. Awamu ya kwanza ni ya 1791 hadi 1799, ya pili 1834 hadi 1845, na zote zinasomeka mtandaoni. Wachungaji hao wanapenda kulalamika, na malalamiko yao ni mazuri kwa historia.

Kwa Ulva, sababu zinajipanga hivi. Kisiwa kiliishi kwa viazi, ng'ombe na mwani. Wazanzibari watanielewa: mwani ulivunwa na kuchomwa, majivu yake yakauzwa viwandani kwa ajili ya kioo na sabuni. Bidhaa ya nje iliyoshindana nayo ilipopata njia tena baada ya vita vya Napoleon, bei ilianguka. Mwaka 1835 kisiwa kilinunuliwa na Francis William Clark. Mwaka 1837 kilikuwa na watu takriban 600. Ugonjwa wa viazi ulipoingia 1846, Clark aliwafukuza wapangaji kijiji baada ya kijiji ili aweke kondoo.

Babu yake daktari alikuwa ameshatangulia kuondoka. Kule Blantyre, kando ya mto Clyde, kulikuwa na kiwanda cha pamba kilichoanzishwa 1785, na wafanyakazi walilazwa katika jengo la Shuttle Row, familia 24, kila moja na chumba chake kimoja. Humo ndimo David alipozaliwa tarehe 19 Machi 1813, na akiwa na miaka 10 aliingizwa kiwandani kuunganisha nyuzi zilizokatika, kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Hatua ya 7: Nenda ukaone

Kama uko Glasgow au Edinburgh kimasomo au kikazi, haya yanawezekana bila gari.

Livingston ina stesheni mbili, North na South. Usishangae ukikuta maduka makubwa na mizunguko ya barabara: mwaka 1962 ilitangazwa kuwa mji mpya wa kupokea watu kutoka Glasgow. Tafuta Livingston Village, sehemu ya zamani, na kanisa lake. Hapo ndipo "kwa Leving".

Blantyre ni mwendo mfupi wa treni kutoka Glasgow Central. Shuttle Row sasa ni makumbusho. Simama katika chumba kile kimoja, uhesabu wazazi wawili na watoto.

Ulva inataka siku nzima au mbili: treni hadi Oban, feri hadi Craignure, halafu ng'ambo nyingine ya Mull. Ukifika gatini, unasogeza ubao ili rangi nyekundu ionekane, na mwenye boti anakuja kukuchukua. Angalia ratiba mapema, haendi kila siku. Tangu 2018 kisiwa ni mali ya jamii ya wenyeji. Tembea hadi Ormaig uone kuta bila paa, zile zile za vijisanduku vitupu. Kuna pango linaloitwa kwa jina la Livingstone, ambamo jadi inasema familia ilijisitiri ikijenga nyumba.

Ukiwa na siku ya ziada, kutoka Oban feri inakwenda pia Lismore. Huko ukoo wa Livingstone wa Bachuil umekuwa mlinzi wa fimbo ya Mtakatifu Moluag, mtu wa karne ya 6.

Sheria ya ardhi ya 2003 inakuruhusu kutembea karibu popote Uskoti ukiwa mstaarabu: funga mageti, mbwa kwenye kamba wakati wa kondoo kuzaa, usipite bustani ya mtu. Viatu visivyopitisha maji ni lazima hata mwezi Julai. Makaburini, usisugue jiwe kwa brashi ya waya wala usipake chaki. Subiri jua la pembeni, asubuhi au jioni, upige picha. Maandishi yaliyofutika yatainuka yenyewe.

Hatua ya 8: Lifuate jina lilikovukia

Sehemu hii unaweza kuifanya ukiwa nyumbani, na sisi tuna nafasi nzuri kuliko mtafiti wa Edinburgh.

Chora safu mbili. Ya kwanza, jina la Kiskoti na mwaka lilipopachikwa. Ya pili, jina lililokuwepo. Blantyre ya Malawi ilianzishwa 1876 na wamisionari wa Kanisa la Uskoti, waliolichukua jina la mahali alikozaliwa daktari. Maporomoko ya Victoria alikuwa ameyapa jina hilo mwenyewe mwaka 1855; safu ya pili, Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mahali alipofia, tarehe 1 Mei 1873, panajulikana bado kwa jina la mwenyeji wake: Chitambo. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walipoubeba mwili wake hadi Bagamoyo, walipita vijiji ambavyo karibu vyote viliitwa kwa majina ya watu waliovikalia. Leving wa kando ya mto Almond angeielewa njia hiyo bila mkalimani.

Kwa Milima ya Livingstone safu ya pili haiko mtandaoni. Iko Makete na Ludewa, na ufukweni kwa wafinyanzi wa Kikisi. Nenda na kinasa sauti. Uliza kwanza kilele kimoja kimoja na kijito kimoja kimoja, usiulize "milima hii inaitwaje", maana anayeishi mlimani hana haja ya jina la safu nzima. Ana jina la jiwe lililo juu ya shamba lake. Waulize Wakinga na Wapangwa kila mmoja kivyake. Wakikupa majina tofauti, andika yote mawili, na jina la aliyekuambia, na siku.